Uzi: Kwa nini paiki wanakula mchana kutwa Mille Lacs, wolai hawaonekani mpaka jua lizame?

BabaMapacha
Wakuu, heshima kwenu.

Sisi tunaishi Brooklyn Park, hapa juu ya Minneapolis. Mwisho wa Juni tulifunga safari ya familia nzima kwenda Ziwa Mille Lacs kwa barabara ya 169: mimi, mama watoto, watoto wetu, na shemeji aliyekuja kututembelea kutoka Mwanza. Tulikodi boti pale Isle, saa tatu asubuhi tuko majini. Ziwa shwari kabisa, jua kali, ukiinama unaona mawe chini.

Paiki (wazungu wanamwita northern pike) hawakuwa na simile. Kila mtoto aliyerusha kijiko cha kuvulia pembeni ya magugu alivuta paiki, wengine mpaka walianza kusema mikono imechoka. Lakini wolai (walleye), ambaye ndiye tuliyemfuata, hakugusa. Tulitia nanga juu ya mawe, tukashusha ruba kwa boya, tukangoja. Jioni tunarudisha boti, jamaa wa boti jirani wanafika palepale tulipokuwa, na ruba walewale. Tukiwa bado gatini tunafunga vitu tuliwaona wanavuta wolai mmoja baada ya mwingine.

Maji yale yale, chambo kile kile. Nini kinamfunga wolai mdomo mchana? Shemeji anashikilia kwamba sangara wa Ziwa Victoria anakula mchana bila tatizo, kwa hiyo lazima kuna jambo jingine. Na mwezi wa sita huku jua linazama saa tatu usiku, watoto wadogo wanakuwa wameshasinzia. Nataka kujua kama kuna namna ya kumpata wolai mchana nikiwa nao.

Kigoma_Halisi
Jibu ni macho, mkuu. Nyuma ya jicho la wolai kuna utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo anaona vizuri kwenye giza na kwenye maji yaliyochafuka. Mulika tochi usiku utaona macho yanang'aa. Mwanga mkali unamkera, anashuka kilindini au anajificha chini ya mwamba. Samaki wadogo anaowala hawaoni vizuri gizani, yeye anaona. Akila mchana anapoteza faida hiyo.

DadaWaStCloud
Kwa hiyo BabaMapacha umemfuata mlinzi wa zamu ya usiku saa tatu asubuhi ukitaka akufungulie geti 😂 Mwache alale!

MwalimuWaMaji
Salaam. Kigoma_Halisi yuko sahihi kuhusu jicho, naongeza kidogo.

Wolai (Sander vitreus) ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965. Paiki (Esox lucius) ni mwindaji wa tofauti kabisa. Yeye anajificha kwenye magugu, anatazama, anaruka. Anatumia macho kwenye mwanga, ndiyo maana watoto wako walimpata kwa kijiko kinachometameta.

Kuhusu shemeji: sehemu kubwa ya Ziwa Victoria, hasa kwenye ghuba kama ya Mwanza, maji ni mazito kwa mwani. Mwanga hauendi mbali. Mille Lacs maji yamekuwa yakisafika. Kome wadogo wenye milia walionekana humo 2005, na kome mmoja mzima huchuja karibu lita moja ya maji kwa siku. Wapo wengi mno kwenye mawe yale. Ila watu husahau kwamba maji yalianza kusafika tangu miaka ya 1980, kabla ya kome. Kwa hiyo usiwatwishe kome kila kitu.

FundiBoya
Hii hoja ya mwanga mnaipenda sana, lakini mbona mimi kwenye ziwa la Upper Red Lake, kaskazini mwa Minnesota, navuta wolai saa sita za mchana, jua la utosi, kwenye maji ya futi sita? Samaki yule yule, macho yale yale.

MwalimuWaMaji
@FundiBoya hapo umeisaidia hoja badala ya kuivunja. Maji ya Upper Red ni ya kahawia kwa sababu yanatoka kwenye vinamasi. Futi sita kule kuna kiza kuliko futi ishirini Mille Lacs. Ziwa la Lake of the Woods nalo ni hivyo hivyo.

FundiBoya
Sawa, lakini nimewapata mchana hata Mille Lacs, mwezi wa kumi, maji safi kuliko Juni. Hilo jicho halibadiliki kwa msimu. Bado hujanijibu.

MukekeWaUvira
Bandugu, mimi nimekulia Uvira, ziwa Tanganyika. Kwetu uvuvi ni wa usiku na taa. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, ndakala (dagaa) wanapanda kufuata mwanga, na mukeke anawafuata ndakala. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inakaa pwani, sababu mwanga umetawanyika ziwa lote na samaki hawakusanyiki kwa taa yako.

Nilipofika huku nikaona kinyume. Wolai anakimbia mwanga, lakini wazee wa huku wananiambia usiku wa mwezi mpevu ndio mzuri wa kuvua wakubwa. Mimi naona mwezi una kazi kubwa kuliko mnavyosema. BabaMapacha, kumbuka siku ile mwezi ulikuwaje?

BabaMapacha
@MukekeWaUvira mwezi ulikuwa karibu kujaa, tuliuona ukitoka tukiwa njiani kurudi.

MukekeWaUvira
Ndiyo. Alikula usiku kucha kwa mwanga wa mwezi, asubuhi ameshiba. Mimi kwangu limeisha.

MamaWatatu
Halijaisha kaka yangu, subiri kidogo. Hakuna aliyeuliza samaki wale walikuwa wamekula nini.

Mimi ndiye ninayepasua samaki nyumbani kwetu. Mwisho wa Juni Mille Lacs ndiyo wakati wa wale wadudu wa majini wenye mabawa yanayosimama na mikia mirefu kama nyuzi, wanaotoka kwenye matope ya chini, wanaishi siku moja au mbili juu, wanakufa. Upande wa kaskazini wa ziwa kuna tambarare za matope, na buu wa mdudu huyu anakaa humo ardhini mwaka au zaidi kabla ya kupanda. Wakipanda, wolai hawana haja ya kukimbiza chochote, wanafungua mdomo tu.

Nilipasua wolai wa wiki hiyo hiyo ya Juni. Tumbo limevimba, gumu ukilibonyeza. Ndani ni buu watupu, rangi ya manjano iliyopauka, wamepangana, wengine bado wana zile matamvua za pembeni za kupumulia. Hakuna hata samaki mmoja mdogo. Paiki tuliyempata siku ile ile tumboni alikuwa na sangara mdogo wa huku, yule wa njano mwenye milia, mzima mzima. Sasa niambieni, samaki aliyejaa hivyo ataona nini kwenye ruba wako?

Ukienda mapema Juni kabla wadudu hawajatoka, au ukisubiri Julai iingie vizuri, mambo yanabadilika. Na mwezi wa kumi wa FundiBoya wadudu hawapo kabisa.

BabaMapacha
Dada @MamaWatatu umenikumbusha! Taa za kituo cha mafuta pale Garrison, karibu na lile sanamu kubwa la wolai, zilikuwa zimefunikwa na hao wadudu. Watoto walikuwa wanawaokota kwenye kioo cha gari.

NyanzaDala
Wadau, hao si ndio sami wetu wa Ziwa Victoria? Wale wanaotoka kama moshi juu ya maji.

MwalimuWaMaji
Hapana, si jamii moja. Wale wa Victoria wanaofanya wingu ni wadogo, jamii ya mbu na visubi. Hawa wa Mille Lacs ni wakubwa, mwili kama inchi moja. Lakini kazi kwa samaki ni ile ile, chakula cha bure.

MzeeWaUpepo
Vijana mmeandika mengi, na jibu liko kwenye posti ya kwanza ya mwenye uzi: "ziwa shwari kabisa." Wolai anataka mawimbi. Upepo ukipiga, uso wa maji unavunjika, mwanga hauingii moja kwa moja, udongo wa ufukweni unachanganyika, samaki wadogo wanayumba. Hapo wolai anapanda kwenye mawe hata saa nane mchana. Mimi nikiona ziwa limelala naenda kuvua paiki au narudi nyumbani. Tafuta upande ambao upepo unapiga kwa saa kadhaa mfululizo, vua hapo.

DadaWaStCloud
Mzee shikamoo. Lakini huyu ana watoto wadogo kwenye boti ya kukodi. Mille Lacs ni ekari zaidi ya 130,000 na kina chake hakizidi futi 42. Ziwa pana na la kina kifupi hivyo likichafuka mawimbi yanasimama haraka na yanakuja karibu karibu. Nimeona watu wazima wakipiga magoti kwenye boti. Na sheria ya Minnesota inataka mtoto chini ya miaka 10 avae jaketi la kuokolea boti ikiwa inatembea, si kulikalia.

MzeeWaUpepo
Marahaba binti. Sikusema atoke na watoto kwenye tufani. Wimbi la futi moja linatosha. Na si lazima boti: Father Hennepin, ile hifadhi ya jimbo pale Isle, kuna gati ya kuvulia. Upepo ukipiga upande ule watoto wanasimama juu ya gati, salama, na samaki wanakuja kwenye mawe. Mwenye familia aanzie hapo.

NyanzaDala
Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa. Samaki wamepungua. Mnatafuta sababu za macho na mwezi, na kumbe wolai wa Mille Lacs si wale wa zamani. Kila masika Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, wanatandika nyavu wakati samaki wanataga. Ukivua samaki anayetaga utabaki na nini?

MwalimuWaMaji
@NyanzaDala twende polepole kwa sababu jambo hili linaharibu ujirani huku.

Haki ya Waojibwe kuvua inatoka kwenye mkataba wa 1837, walipoachia ardhi na kubakiza haki ya kuwinda na kuvua. Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha 1999. Mavuno yao yanahesabiwa na kuna kiwango kinachokubaliwa na pande mbili kila mwaka, kwao na kwa wavuvi wa ndoano.

Pili, jopo la wataalamu wa nje lililoitwa kuchunguza ziwa mwaka 2014 halikukuta upungufu wa mayai. Samaki wanataga vya kutosha na vifaranga wanaanguliwa. Tatizo ni kwamba hawafiki ukubwa, wanapotea baada ya mwaka wa kwanza. Mwaka 2016 ilifika mahali wavuvi wa ndoano wakawa hawaruhusiwi kubeba wolai hata mmoja, unavua unarudisha.

NyanzaDala
Mwalimu nimekuelewa kuhusu haki, sina ugomvi na haki ya mtu. Lakini "wanapotea" ndiyo jibu gani? Wanapotelea wapi?

FundiBoya
Wanaliwa na hao paiki wanaowachosha watoto wa BabaMapacha mikono. Na besi wa mdomo mdogo (smallmouth bass), ambao wameongezeka sana kwenye yale mawe. Maji yakisafika, mwindaji wa mchana anafaidika.

MamaWatatu
Na wolai wenyewe wanakula watoto wao. Hilo nimelikuta tumboni.

Kigoma_Halisi
Joto mnalisahau. Kulikuwa na tulibi wengi Mille Lacs, samaki wa mafuta anayependa maji baridi. Miaka ya kiangazi kikali wanakufa na kuelea. Tulibi akipungua, wolai mkubwa na paiki mkubwa wote wanageukia wolai mdogo. Na huyu paiki mkubwa mwenyewe hapendi maji ya moto. Kwenye ziwa lenye kina kirefu angeshuka chini kwenye baridi, lakini Mille Lacs lina kina kifupi na upepo unachanganya maji yote, chini hakuna pa kukimbilia. Ndiyo maana Juni mnapata paiki wadogo wadogo kwenye magugu.

MukekeWaUvira
Ninaongeza tu. Kwetu Tanganyika samaki walipopungua, kila mtu alimnyooshea kidole mvuvi mdogo mwenye nyavu. Mwisho nchi za ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi wakati mmoja. Tanzania ilifunga ziwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024. Familia ziliumia sana, kule ziwa ni chakula cha leo. Huku Red Lake walifanya zaidi: wolai walianguka miaka ya 1990, kabila la Red Lake na jimbo wakakubaliana kufunga 1999, wakapandikiza vifaranga, wakafungua 2006. Leo FundiBoya anatamba na wolai wa saa sita mchana kwa sababu watu wale wenye nyavu walikubali kuziweka chini.

FundiBoya
Hilo la Red Lake nalikubali mia kwa mia. Heshima kwao.

ShemejiWaMwanza
Habari zenu wote. Mimi ndiye shemeji, nimeonyeshwa uzi nimejiunga. Nimekubali kwamba maji ya kwetu ni mazito, ila sangara mkubwa kwetu hapendi kelele. Siku ile watoto walikuwa wanaruka ndani ya boti ya bati, ndoo inaanguka, nanga inapigwa. Kwenye maji safi ya kina kifupi hiyo peke yake inatosha kumfukuza samaki. Jioni wale jirani walikuwa watu wazima wawili, kimya, mota imezimwa. Mbona hilo hakuna aliyelisema?

Na mnieleze jambo: kwetu sangara tulizoea kanuni ya sentimita 50 hadi 85, mdogo rudisha, mkubwa rudisha. Huku nilimwona shemeji anapima kila samaki kwa rula. Ni hivyo hivyo?

DadaWaStCloud
Karibu jukwaani shemeji wa taifa! Fikra ni ile ile, kulinda wazazi. Wolai wa kike wakubwa ndio watagaji. Kwa paiki, tangu 2018 jimbo limegawanywa kanda tatu. Ukanda wa kaskazini ya kati paiki wa inchi 22 hadi 26 lazima arudi majini, kusini asiyefika inchi 24 hubebi. Ila maziwa makubwa kama Mille Lacs yana kanuni zake na zinabadilika, hata katikati ya msimu. Soma bango la gatini siku hiyo hiyo. Kiangazi kila mtu ana ruhusa ya mshipi mmoja tu majini.

MamaWatatu
Na vibali: mtoto wa miaka 15 kushuka mkazi wa hapa hahitaji. Shemeji mgeni anahitaji chake. Kina mama, wikiendi ya Siku ya Mama mwezi wa tano wakazi tunavua bure, na mara nyingi ndiyo wikiendi ya kufungua msimu wa wolai. Mume wangu alikuwa anaondoka na wenzake siku hiyo. Sasa tunaondoka wote.

ShemejiWaMwanza
Sawa dada. Swali la mwisho kwangu ni sufuria. Wale paiki tuliowapika mchuzi wa nyanya walikuwa na ladha, lakini miiba!

MamaWatatu
Paiki ana safu ya miiba ya umbo la Y juu ya ubavu. Ukimchana minofu kama sato inabaki yote ndani. Mweke kwa tumbo, toa kwanza mnofu wa mgongoni, halafu pembeni za mkia, halafu papasa kwa kidole kwenye ubavu mpaka usikie ncha za miiba, pitisha kisu juu yake na chini yake, utoe ile safu nzima kama ukanda. Mwanzo inachosha, mkono ukizoea ni dakika chache. Nyama yake ni nyeupe na imara, inakaa vizuri kwenye tui la nazi. Wolai mimi simpakii viungo vingi, chumvi, ndimu, unga kidogo, mafuta ya moto, na ugali pembeni.

Sasa la muhimu kwa familia. Hawa wote ni wala samaki, zebaki inajikusanya kwao. Idara ya Afya ya Minnesota inasema watoto chini ya miaka 15 na wanawake wajawazito, wanaonyonyesha au wanaotarajia mimba, wale wolai wa chini ya inchi 20 au paiki wa chini ya inchi 30 mlo mmoja tu kwa mwezi. Wakubwa kuliko hapo wasile kabisa. Kwa hiyo mkubwa piga picha, mrudishe. Atataga.

NyanzaDala
Hiyo ya zebaki sikuijua. Nitamwambia dada yangu leo, ana mimba.

BabaMapacha
Asanteni sana wote. Nimeandika macho, maji safi, mwezi, wadudu, upepo, kelele, joto, na samaki kupungua. Yote yana mantiki na siwezi kuchagua. Mpango wetu wa Agosti: mchana gati ya Father Hennepin upepo ukiwepo, paiki kwa watoto. Jioni moja mimi na mama watoto tutapanda zile boti kubwa za kulipia za abiria wengi zinazotoka machweo, shemeji abaki na watoto.

ShemejiWaMwanza
Nani kasema nabaki?

MzeeWaUpepo
Agosti nenda siku ya mawingu na upepo wa kusini. Utakuja kuniambia.

MamaWatatu
Agosti wadudu hawapo, kwa hiyo ukipata usimpe Mzee sifa zote.

FundiBoya
Ukitoka majini toa kizibo, maji yote yamwagike, ndoo ya chambo pia, usibebe kome kwenda ziwa jingine. Ni sheria. Na kuhusu paiki, wazee wa huku wanamloweka kwenye siki mpaka miiba midogo inalainika, hakuna kuchana.

MwalimuWaMaji
Akiwekwa siki bila kupikwa agandishwe kwanza kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Paiki anabeba minyoo tegu, na siki haiwaui.

FundiBoya
Siku saba? Mimi huwa siku mbili.

MwalimuWaMaji
Saba, mkuu. Na pima friza yako kwa kipimajoto, friza nyingi za juu ya jokofu hazifiki huko.